Motokari imeziba lango lako Lubumbashi: haki uliyo nayo na namna ya kuidai

Nafasi iliyo mbele ya lupango lako (kiwanja chako) si yako. Lango ni lako, na njia ya kuingia na kutoka kupitia lango hilo inalindwa na sheria. Magomvi mengi ya pakingi huko Bel-Air, Golf, Makutano au Kamalondo yanatokana na kuchanganya vitu hivi viwili: mwenye nyumba anapigania barabara ambayo hana, kisha anakosa nguvu ya kudai njia ambayo anayo kweli. Ukitenganisha hayo mapema, shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), polisi na hata hakimu watakusikiliza.

Kwanza ujue lupango linaishia wapi

Sheria ya ardhi ya Kongo, namba 73-021 ya 20 Julai 1973, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Wewe umepewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement (hati ya usajili wa ardhi) peke yake. Barabara, trotwari (njia ya waenda kwa miguu) na mifereji ya maji ni mali ya umma. Haviwezi kugawiwa mtu kabla Serikali haijaviondoa rasmi katika matumizi ya umma. Hata ukifagia mbele ya ukuta kila asubuhi kwa miaka ishirini na ukapanda michikichi miwili, ardhi hiyo haigeuki kuwa yako, kwa sababu mali ya Serikali haipatikani kwa kukaa muda mrefu.

Chukua certificat yako na mchoro wake. Ukubwa umeandikwa kwa ari na santiari: ari moja ni mita za mraba 100. Lupango la mita 20 kwa 30 ni ari 6. Kwa mita ya kamba ya mita 30, pima toka kwenye alama za mipaka (bornes) za nyuma hadi ukuta wa mbele, pande zote mbili. Mjini hapa kuta nyingi zimesogezwa mbele hadi ukingo wa mfereji. Kama wako umepita alama, litatue hilo kabla ya kumshtaki mtu yeyote, kwa sababu ndilo jambo la kwanza mpinzani wako atakaloonyesha. Kama alama zimepotea, andika barua kwenye ofisi ya kadastri (upimaji wa ardhi) ikutumie jiometa (mpimaji), majirani wa pande zote wawepo, na upate hati ya upimaji iliyosajiliwa. Karatasi ya jiometa uliyemlipa pembeni, isiyo na namba ya ofisi, haitakusaidia siku ya kesi.

Jambo jingine ambalo limewagharimu watu pesa nyingi: shefu wa kartie hawezi kukuuzia wala kukukodishia kipande cha barabara. Kartie haina utu wa kisheria. Ndivyo ilivyopangwa na sheria ya 18 Mei 2010 kuhusu migawanyo ya ndani ya majimbo. Karatasi ya "parking privé" yenye mhuri wa kartie haina thamani. Jihadhari pia na anayekuuzia "kadi ya mkazi". Katika miji kama Brussels au London mkazi hupata kadi ya kuegesha katika mtaa wake, lakini hata huko kadi hiyo haimtengei nafasi mbele ya mlango wake.

Kile ambacho sheria inakulindia

Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Mwaka uliofuata ikatunga sheria yake ya barabarani, namba 78-022 ya 30 Agosti 1978. Kifungu cha 23 cha mkataba ule kinakataza kuegesha mbele ya malango ya kupitishia magari, mahali ambapo chombo kitazuia gari jingine lililoegeshwa vizuri lisitoke, na karibu na njia panda au vituo vya basi. Kusimama juu ya kivuko cha waenda kwa miguu kunakatazwa kabisa, hata kwa muda mfupi.

Kuna tofauti kati ya kusimama na kuegesha. Dereva anayeshusha mama na mizigo yake, injini ikiwaka, anasimama; mvumilie dakika mbili. Dereva aliyefunga milango na kwenda kunywa ameegesha.

Nafasi ya ukuta iliyo nje ya upana wa lango haiko chini ya ulinzi huo. Motokari ya jirani ikiwa kando ya ukuta wako, lango likabaki wazi, hana kosa, hata kama inakukera kuiona pale kila siku.

Ugumu zaidi uko kwa gari lililo upande wa pili wa barabara nyembamba. Haliko mbele ya lango, ila unashindwa kukata kona. Hesabu yake ni hivi: motokari kama Toyota Noah ina urefu wa mita 4.6 hivi, na ili itoke kwa mraba katika lango la mita 3 inahitaji karibu mita 6 wazi toka lango hadi kizuizi. Barabara ya mita 7 ikipoteza mita 1.8 upande wa pili, inabaki mita 5.2, na hapo utapiga rivasi mara tatu huku watoto wakipita nyuma yako. Polisi mara nyingi hataona kosa. Dawa ya kudumu iko ndani ya lupango lako: panua lango lifike mita 4, au lirudishe ndani ya mstari wa ukuta kwa mita 1.5 hadi 2. Kulirudisha ndani ndiko kunakofaa zaidi. Kunaongeza nafasi ya kugeuza, kunakuwezesha kuona barabara kabla pua ya gari haijatoka, na unaposubiri sentineli (mlinzi) afungue, gari halibaki katikati ya njia.

Usiweke mawe

Mawe, matairi yaliyozikwa nusu, vyuma, minyororo, mapipa yaliyojaa zege: vyote hivyo juu ya trotwari au barabara ni kizuizi kwenye mali ya umma. Komini (serikali ya sehemu yako ya mji) inaweza kuving'oa bila kukulipa. Hatari kubwa iko usiku. Umeme wa SNEL ukikatika avenyu nzima inakuwa giza, na mwenye moto (pikipiki) anayegonga jiwe lako anaweza kuvunjika mguu au kufa. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria za kiraia (Code civil) kinasema kila aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe, na jiwe uliloliweka mwenyewe ni kosa lisilohitaji ushahidi mrefu.

Unachoruhusiwa ni kuandika juu ya lango lako mwenyewe: "Sortie de véhicules – Ne pas stationner" (magari yanatoka, usiegeshe). Herufi ziwe na kimo cha sentimita 10 hadi 15, nyeupe juu ya rangi nzito, na utepe wa kung'aa pande mbili ili taa za gari ziuone. Maandishi hayo hayaundi haki mpya, yanamnyima dereva kisingizio cha kusema hakujua. Lango la chuma lisilofunguliwa mara kwa mara, lenye kutu na majani chini, linaonekana kama ukuta, na watu wataegesha hapo kwa nia njema.

Lango limezibwa sasa hivi

1. Usiguse gari. Usitoe upepo, usilisukume, usiite vijana walinyanyue. Mkwaruzo mmoja tu na wewe uliyeonewa unakuwa mshtakiwa, maana kuharibu mali ya mtu kwa makusudi kunaadhibiwa na sheria ya adhabu (Code pénal).

2. Piga picha nne: namba ya gari pamoja na lango katika picha moja, picha pana inayoonyesha namba ya nyumba, picha ya ubavuni inayoonyesha umbali toka lango, na nyingine baada ya nusu saa. Hifadhi picha za asili kwenye simu. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokima (faili), kwa sababu njia ya kawaida inazipunguza ubora na kufuta saa na mahali.

3. Uliza dukani, kwenye baa, kanisani, kwa sentineli wa jirani. Mara nyingi jambo linaishia hapa, na lugha ndiyo inayoamua. "Papa, habari za saa hizi? Motokari yenu iko mbele ya lango letu, tunaomba mutusogezee, tuko na mutu wa kupeleka hospitali." Kanisani, mpe mhudumu wa mlangoni karatasi yenye namba ya gari, atangaze namba bila kutaja kosa. Mtu akiaibishwa mbele za watu hatatoka haraka.

4. Akikataa au asipopatikana, mjulishe shefu wa kartie na polisi wa rulaji (wa barabarani) walio kwenye njia panda ya karibu. Sema mambo manne: avenyu na namba, namba ya gari, tangu saa ngapi, na kwamba linaziba lango la magari. Faini inamhusu dereva; mlalamikaji halipi chochote ili alalamike. Usikodi mwenyewe gari la kuvuta: likivunja bampa, deni ni lako.

5. Kama kuna mgonjwa au mama mjamzito, omba gari la jirani au teksi kwanza. Ushahidi utafuatwa baadaye. Weka risiti ya teksi, au mwombe dereva aandike kiasi, tarehe na jina lake kwenye karatasi.

Yote hayo yaandike katika daftari moja la nyumba: tarehe, saa, namba ya gari, nani alishuhudia, lilitoka saa ngapi. Daftari lenye mistari kumi iliyoandikwa siku ileile lina uzito kuliko maneno ya watu watano wanaokumbuka "kila wakati".

Linapokuwa jambo la kila wiki

Baa iliyofunguliwa jirani, kanisa jipya, garaji, depo ya vinywaji, sale ya sherehe: hapo kumfuata dereva mmoja mmoja ni kazi bure. Mtu wa kuzungumza naye ni mwenye shughuli. Anza kwa mapatano mbele ya shefu wa kartie, na yaandikwe: siku gani, saa gani, nani atasimama nje kuelekeza magari, simu ya nani itapigwa. Mapatano ya mdomo yanakufa meneja akibadilishwa.

Yakishindikana, tumia kifungu cha 27 cha Katiba ya 18 Februari 2006. Kila Mkongomani ana haki ya kuandikia mamlaka ya umma ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinasema hakuna atakayefuatwa kwa sababu ya kuandika ombi la namna hiyo. Wakazi wengi hawakijui, na ndiyo maana barua zao zinaanza kwa kuomba huruma.

Barua iende kwa mkuu wa komini (bourgmestre), nakala kwa meya na kwa polisi ya barabarani. Ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa, basi kichwa kiwe hivi: "Demande d'implantation d'un panneau d'interdiction de stationner" (ombi la kusimikwa kibao cha kukataza kuegesha), kikifuatwa na avenyu, kartie na komini. Ndani yake taja kifungu cha 27, eleza tatizo kwa aya mbili, ambatisha picha na nakala ya kurasa za daftari, kisha omba kitu kinachopimika: kibao kimoja, upande huu wa barabara, toka namba 14 hadi namba 20, kwa urefu wa mita 60, siku zote au saa fulani. Ombi la "mutusaidie na magari" halina jibu, kwa hiyo halijibiwi. Kila kaya iweke jina, namba ya nyumba na sahihi. Wapangaji watie sahihi pia, kwa kuwa njia inamhusu anayeishi pale, si mwenye certificat peke yake.

Chapa nakala mbili na udai mhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi juu ya nakala yako. Bila mhuri huo huwezi kuonyesha miezi mitatu ilianza lini, na barua "inapotea".

Ujue pia vibao vyenyewe. Duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja mwekundu wa mshazari linakataza kuegesha. Lenye mistari miwili iliyokatana linakataza hata kusimama. Kwa mbele ya nyumba omba cha kwanza, kwa sababu cha pili kitakuzuia na wewe kushusha mizigo. Kibao ulichochongesha kwa mchomeleaji na kukisimika mwenyewe barabarani hakina nguvu, hata kikifanana na cha Serikali kwa kila kitu: kinachokipa nguvu ni uamuzi wa mamlaka.

Mwisho wa njia ni tribunal de paix, yaani mahakama ya ngazi ya chini. Hakimu atatafuta vitu vitatu: kosa, hasara, na kwamba hasara imetokana na kosa hilo. Watu hufika na picha hamsini za kosa bila hata karatasi moja ya hasara. Risiti za teksi, mzigo wa biashara uliochelewa, fundi aliyelipwa kutengeneza lango lililogongwa, hizo ndizo zinazofanya kesi.

Wanaodai pesa ya pakingi

Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi bila sheria. Orodha ya kodi na taksi ambazo jimbo, mji na komini wanaweza kudai imepangwa na Ordonnance-loi namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Anayekudai mbele ya nyumba yako mwulize kwa upole: taksi hii inaitwaje, ni ya DRHKAT (ofisi ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga), ya meria (ofisi ya meya) au ya komini, na karatasi yako ya kazi iko wapi? Risiti halali imechapwa, ina namba, kiasi, tarehe na jina la ofisi. Kuwa mkazi hakukuondolei taksi iliyo halali ukiegesha barabarani, basi usianze kwa kufoka kwamba "hapa ni kwangu". Vijana wanaolinda magari ni jambo jingine: unachowapa ni zawadi, na hawana haki ya kukuzuia usipotoa.

Kamio

Lubumbashi ni njia ya shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kamio (malori) zinazosubiri mzigo au karatasi huingia hadi avenyu za makazi. Moja yenye trela hufika mita 16 hadi 18. Inaziba malango matatu kwa mara moja. Uzito wake huvunja mabomba ya maji ya REGIDESO yaliyofukiwa juujuu kandokando ya barabara, na vifuniko vya mifereji. Piga picha ya mbele ya nyumba yako leo, kabla hakijaharibika kitu, ili kesho uwe na cha kulinganisha. Ikifika, andika namba ya kichwa na namba ya trela, maana ni mbili tofauti na wenye vitu hivyo huweza kuwa watu tofauti, pamoja na jina la kampuni lililo mlangoni. Maji yakianza kutoka ardhini, toa habari REGIDESO siku hiyohiyo.

Kivuko cha mfereji

Lango lisilo na kivuko halisomeki kama lango la magari, kwa hiyo kivuko kizuri ni sehemu ya kujilinda. Omba ruhusa ya komini kwanza, kwa kuwa mfereji si wako, na kama umepanga, mwenye nyumba ndiye atie sahihi. Usizike bomba la sentimita 30: mvua za kwanza za Novemba zikileta mchanga na chupa za plastiki linaziba, maji yanaingia kwa jirani na kula barabara, na hapo kifungu cha 258 kinakugeukia wewe.

Tengeneza vibao vya zege vinavyonyanyulika. Kwa mfereji wenye upana wa sentimita 80, kila kibao kiwe na urefu wa sentimita 110 ili kilale sentimita 15 kila upande, upana 40, unene 15. Nondo za milimita 10 zikae chini, zikiachwa sentimita 3 za zege chini yake. Kosa la mafundi wengi ni kuziweka katikati au juu. Zege hupasukia chini, na kibao kama hicho kinavunjika gari la kwanza zito likipita. Changanya kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko saba. Vibao tisa vinafunika lango la mita 3.5 kwa mifuko minne na kidogo ya kilo 50, basi nunua mitano. Kila kimoja kitakuwa na kilo 165 hivi, basi acha kulabu mbili za nondo ndani ya vishimo ili watu wanne wakinyanyue wakati wa kusafisha. Mwagia maji siku saba, usipitishe gari kabla ya siku 28.

Kilio na ndoa

Tenti ya kilio inapofunga avenyu, sheria haibadiliki, ila hapa hakuna anayemfukuza mfiwa. Familia ipeleke taarifa komini na kwa shefu wa kartie siku hiyohiyo, ikitaja siku ngapi. Tenti iachwe na upenyo wa mita 3.5 ubavuni kwa ambulansi, na kabla ya kamba kufungwa kijana mmoja apite kila lango la karibu kuuliza nani ataamka mapema kutoa motokari. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri aitoe usiku na kuiacha kwenye avenyu ya jirani, mbali na njia panda, na familia imwombe sentineli mmoja wa tenti aitazame. Kwa ndoa omba ruhusa mapema zaidi, kwa sababu tarehe yake ilijulikana, na jirani aliyezibiwa ana haki ya kukataa.